Viraka vya usafi katika majaribio ya Git: mhakiki aangalie nini?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nimekuwa nikichangia kidogo kidogo kwenye Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, na sasa nimeombwa kuhakiki viraka (mabadiliko ya msimbo yaliyotumwa) vya mchangiaji mgeni. Ni viraka vitano, vyote vya usafi wa mtindo, katika skripti moja ya zamani iliyo kwenye folda ya majaribio, `t/`. Cha kwanza kinapanga upya mistari kwa Tab na kugeuza nukuu mbili kuwa nukuu moja. Cha pili kinaweka `test_path_is_file` na wenzake mahali pa `test -f`. Cha tatu kinaondoa paipu (alama ya `|`) baada ya amri za git. Cha nne kinaingiza `cd` ndani ya mabano. Cha tano kinageuza `touch faili` kuwa `>faili`. Nimeendesha skripti kabla na baada: majaribio yote yanapita na idadi ni ileile. Je, inatosha kusema viko sawa? Mwenzangu ananiambia viraka vya aina hii ni kupotezeana muda, nivikatae tu. Sitaki kumvunja moyo mgeni, lakini pia sitaki kupitisha kitu kibovu kwa sababu tu kimeitwa usafi."*

Nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kujibu viraka hivyo, maana wengi huona neno "usafi" kwenye kichwa cha kiraka wakapitisha macho juujuu. Umeuliza mambo mawili: kama viraka ni salama, na kama vina maana. Nitakaa zaidi kwenye usalama, kwa kuwa hapo ndipo naona umeegemea kitu kisichoweza kukubeba.

Kitu hicho ni ile hoja ya kwamba majaribio yote yanapita kabla na baada. Ukigusa msimbo wa Git yenyewe, majaribio ndiyo yanayokulinda. Ukigusa majaribio, hakuna jaribio jingine linaloyalinda hayo. Na jaribio likiharibika sawasawa, huwa halifeli: hupita kila siku, hata siku ambayo lingepaswa kupiga kelele. Linakuwa kama mlinzi wa usiku anayejibu "salama" kila akiulizwa, awe macho au usingizini. Kwa hiyo swali la mhakiki wa viraka vya namna hii ni moja: je, jaribio hili bado linaweza kufeli kwa sababu ileile iliyomfanya mwandishi wa kwanza aliandike?

Badiliko kwenye jaribio linaweza kulikaza au kulilegeza. Likikazwa kupita kiasi utajua mara moja, kwa kuwa litafeli ukiliendesha. Likilegezwa halisemi neno. Macho yako yawe kwenye kulegea.

Sasa twende kwenye viraka vyenyewe. Nianze na hicho cha kwanza, kinachoonekana hakina lolote, kwa sababu ndicho ningekisoma polepole kuliko vyote.

Funksheni ya `test_expect_success` kwa kawaida hupokea vitu viwili: kichwa cha jaribio na mwili wake. Mwili huo kwa sheli (programu inayosoma na kuendesha amri za skripti) ni maandishi tu mpaka funksheni iupeleke kwa `eval`, ndipo amri zilizomo zinapoanza kufanya kazi. Ukiufunga kwa nukuu mbili, sheli husoma vibadilika na `$(...)` kabla jaribio halijaanza. Ukiufunga kwa nukuu moja, vinasomwa jaribio likiwa linaendelea. Waandishi wa zamani waliotumia nukuu mbili walilazimika kuweka mkwaju wa nyuma mbele ya kila `$` waliyotaka isomwe baadaye, hivi:

    test_expect_success 'HEAD ipo' "
        x=\$(git rev-parse HEAD) &&
        test -n \"\$x\"
    "

Sasa mgeni anageuza nukuu za nje ziwe moja. Anaondoa mikwaju aliyoiona, mmoja unamponyoka:

    test_expect_success 'HEAD ipo' '
        x=$(git rev-parse HEAD) &&
        test -n "\$x"
    '

Itazame `test -n "\$x"` kwa makini. Haimuulizi tena mtu kama kibadilika `x` kina kitu. Inauliza kama maandishi mawili, alama ya dola na herufi x, ni matupu. Si matupu na hayatakuwa matupu kamwe, hivyo mstari huo umekufa na jaribio linaendelea kupita. Tafuta kila `\$` iliyobaki ndani ya mwili wenye nukuu moja, na uiombee maelezo.

Upande wa pili ni muda wa kusomwa. Ikiwa mwili wa zamani ulikuwa na `$(git rev-parse HEAD)` ndani ya nukuu mbili bila mkwaju, thamani hiyo ilichukuliwa kabla ya `git commit` iliyo ndani ya mwili uleule. Kwenye nukuu moja inachukuliwa wakati mstari wake unapofikiwa, pengine baada ya komiti mpya (badiliko lililohifadhiwa kwenye historia). Mara nyingi kosa hili hujitangaza kwa kufeli, ila si mara zote. Dawa ni kuichukua thamani mwanzoni mwa mwili, kwenye kibadilika chenye jina linaloeleweka, kabla ya komiti.

Halafu kuna maandishi yanayolishwa amri moja kwa moja kutoka ndani ya skripti, yale yanayofuata `<<EOF`. Mtindo wa sasa wa Git unapendelea `<<-\EOF`, ili maandishi hayo yajongezwe sawa na msimbo unaoyazunguka. Ile alama ya kutoa humaanisha "ondoa Tab zote mwanzoni mwa kila mstari". Tab tu, si nafasi za kawaida. Sasa chukua skripti inayopima nafasi nyeupe, kama `t4015-diff-whitespace.sh`, ambako Tab mwanzoni mwa mstari ndiyo hasa inayochunguzwa. Ukiweka `<<-` bila kufikiri, Tab zinafutwa kabla faili haijaandikwa, na jaribio linabaki kupima faili isiyo na tatizo lolote. Ndiyo maana kuna funksheni ndogo ya `q_to_tab`: unaandika Q pale unapotaka Tab, nayo inaigeuza. Angalia pia huo mkwaju mbele ya EOF. Kuuongeza kunazuia vibadilika kusomwa ndani ya maandishi, kuuondoa kunaruhusu visomwe. Kiraka kinachodai kupanga mistari tu hakipaswi kuugusa bila kusema.

Kwa kiraka cha kwanza tumia `git show -w`, inayopuuza tofauti za nafasi na Tab. Kama kweli ni upangaji wa mistari tu, utakachobaki nacho ni kidogo sana. Ukitaka kuona mistari iliyohama, `--color-moved` pamoja na `--color-moved-ws=allow-indentation-change` zitakupaka rangi zinazotofautisha. Lakini usiishie hapo: `-w` ndiyo hiyo hiyo itakayokuficha Tab zilizopotea ndani ya maandishi ya EOF. Soma mara ya pili bila `-w`, ukitazama sehemu hizo peke yake. Na mwambie mgeni atenganishe: upangaji wa mistari kiraka chake, nukuu kiraka chake. Vikichanganywa, jicho linachoka na kilichojificha kinapita.

Kiraka cha pili kwa kawaida ni kizuri. `test -f` ikishindikana hufa kimya, na anayesoma matokeo hajui ni faili gani iliyokosekana. `test_path_is_file` humwambia. Kuna mahali pawili pa kukagua. Pale palipokuwa na `! test -f faili`, mgeni asiandike `! test_path_is_file faili`, maana ujumbe wa "faili haipo" utatoka wakati mambo yako sawa, na yakiharibika hakuna ujumbe. Aandike `test_path_is_missing`. Lakini ajue kwamba hiyo ni kali zaidi: `! test -f` hukubali hata kama jina hilo sasa ni folda, `test_path_is_missing` haikubali. Kwa hiyo aeleze kwenye ujumbe wa komiti kwamba ametazama na kuona jaribio lilikusudia kitu kisiwepo kabisa. Pa pili ni `if test -f ...`. Hapo mwandishi hakuwa anadai faili iwepo, alikuwa anachagua njia, na funksheni hizi hazifai.

Kama kwenye skripti hiyo kuna `! git ...` ikigeuzwa kuwa `test_must_fail git ...`, ipokee kwa mikono miwili. Alama ya mshangao inaridhika na namba yoyote isiyo sifuri, hata 139, ambayo sheli huitoa programu inapoanguka kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake. Git ikianguka hivyo, `!` inasema "imefeli kama tulivyotaka". `test_must_fail` inakataa. Ila mgeni asiitumie kwa `grep` au `test`: hatuko pale kuchunguza kama `grep` ya mfumo imeanguka, na maktaba yenyewe itamgomea.

Kiraka cha tatu kina sababu nzito kuliko vyote. Kwenye `git log | grep neno`, sheli huangalia kama amri ya mwisho tu imefaulu. Git inaweza kuchapisha mstari unaotafutwa kisha ikaanguka, na jaribio likapita. Kuigawanya hivi kunaziba pengo hilo:

    git log >actual &&
    grep neno actual

Hapa mhakiki anakagua mawili. La kwanza, faili mpya. Sheli huunda `actual` kabla ya git kuanza, hivyo `git status --porcelain >actual` itajikuta ikimtaja `?? actual` mwenyewe. Hilo litafeli papo hapo na mgeni atakuwa ameshaliona. Lenye hatari ni jaribio la mbele lenye `git add .`, ambalo sasa linaingiza `actual` kwenye komiti isiyotarajiwa. Fuata skripti mpaka mwisho, tafuta `add .`, `add -A`, `clean` na `ls-files -o`. La pili ni alama inayoendesha amri inayofuata pale tu ya awali ikifaulu, yaani `&&`. Kila mstari mpya ni kiungo kipya cha mnyororo, na kiungo kikikosekana, kushindwa kwa amri ya juu hakumfikii mtu.

Juu ya mnyororo huo Git ina ulinzi wake, na inafaa uujue unavyofanya kazi ili usiutegemee kupita kiasi. Tangu 2015, maktaba ya majaribio inaweza kutanguliza `(exit 117) &&` mbele ya mwili wa jaribio. Kama viungo vyote vipo, hakuna amri itakayoendeshwa na 117 itatoka upande wa pili ilivyoingia. Namba nyingine ikitoka, kuna mahali mnyororo umekatika. Ujanja huo haukuweza kuona ndani ya mabano, ndipo ikaja zana ya kusoma msimbo wenyewe, na tangu 2022 kazi hiyo inafanywa na `chainlint.pl`. Inakamata mengi, hata kitanzi cha `for` kilichokosa `|| return 1`. Lakini inachosoma ni umbo. Haiwezi kujua kwamba `grep` sasa inasoma faili ya jaribio lililopita kwa sababu mtu aliandika `actual` mahali pa `actual2`.

Ikiwa mgeni amegeuza pia `test $(git ls-files | wc -l) = 3` kuwa `test_line_count = 3 actual`, amefaidi mara mbili. `wc` ya macOS hutanguliza nafasi mbele ya namba, na majaribio mengi ya zamani yalinusurika kwa sababu tu hayakuweka nukuu.

Kiraka cha nne kinarekebisha tatizo la kweli: `cd sub && ... && cd ..` ikikatikia katikati, majaribio yote yanayofuata yanaendeshwa ndani ya folda isiyo yao. Mabano yanafungua sheli ndogo, na ukitoka unarudi ulikokuwa. Ila sheli ndogo ikifa, inakufa na vibadilika vyake. Kama ndani yake kuna `commit=$(git rev-parse HEAD)` na jaribio la mbele linatumia `$commit`, litapata utupu au thamani ya zamani. Cha kuangalia zaidi ni `test_tick`. Funksheni hiyo huweka saa ya bandia kwa ajili ya komiti, ikianzia 1112911993, sekunde ileile ya komiti ya kwanza ya Git aliyoiandika Linus Torvalds tarehe 7 Aprili 2005, na kuisogeza sekunde 60 kila ikiitwa. Ikiitwa ndani ya mabano, msogeo huo unapotea ukitoka. Komiti mbili zinaweza kubeba saa moja, na jaribio linalopanga komiti kwa tarehe linaanza kutegemea bahati. `test_when_finished`, inayopanga amri za kuendeshwa jaribio likiisha, nayo haina kazi ndani ya sheli ndogo, iwe nje. Mara nyingi suluhisho ni kutohitaji `cd` kabisa: `git -C sub` au `test_commit -C sub`.

Kiraka cha tano kisomwe na faili pembeni. `touch` kwenye faili yenye maandishi haigusi maandishi. `>faili` inayafuta. Kama faili haikuwepo, badiliko ni sahihi na ni zuri. Kama ilikuwepo, jaribio sasa linahusu faili tupu. Na kama mwandishi alitaka kubadilisha muda wa faili ili kuona Git inavyolinganisha na kumbukumbu ya indeksi (orodha ya Git ya faili inazofuatilia), `touch` ilikuwa neno sahihi na ibaki.

Baada ya kusoma, yavunje kwa makusudi. Hakuna njia nyingine ya kujua mlinzi yuko macho. Nenda kwenye msimbo wa C wa amri inayopimwa, haribu kitu kimoja, kwa mfano mrejesho wa kosa au hatua ya kuandika faili, jenga upya, kisha endesha skripti ya zamani na mpya. Andika majina ya majaribio yaliyofeli pande zote mbili. Orodha zikilingana umepata ushahidi. La zamani likifeli na jipya likipita, umepata kilicholegezwa, na unajua ni kipi. Endesha kwa `-v -x` ili uone kila amri ilivyosomeka. Hiyo `test -n "\$x"` ya juu ingejionyesha hapo. Tumia na sheli ya `dash` pia, siyo `bash` peke yake. Halafu hakikisha kila kiraka kinasimama chenyewe, maana atakayetafuta hitilafu kwa `git bisect` miaka ijayo anaweza kutua katikati ya mfululizo huo. `git rebase -x` ikipewa amri ya kujenga na kuendesha skripti hiyo itakufanyia kiraka kwa kiraka.

Sasa mwenzako. Ana nusu ya ukweli. Mwongozo wa uandishi wa Git wenyewe unasema usafi ukifanywa kama matayarisho ya kazi halisi kwenye faili hiyo ni jambo jema, na kwamba kusumbua msimbo kwa ajili ya mtindo pekee kuepukwe. Sababu ni za kweli: viraka hivi hugongana na kazi za wengine zilizo njiani, na huwasumbua wanaofuatilia historia ya mstari. Kabla hujasema lolote, angalia kama kuna mwingine anayegusa faili hiyo:

    git log --oneline master..seen -- t/t7001-mv.sh

(weka jina la skripti yenu; `seen` ni tawi linalokusanya kazi zilizo njiani). Ikitoka kazi ya mtu, mwombe mgeni asubiri au achague skripti nyingine. Suala la historia ni jepesi zaidi siku hizi: `git blame -w` huruka mabadiliko ya nafasi, na tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019 unaweza kuruka komiti nzima kwa `--ignore-rev`.

Lakini mwenzako amesahau kwamba kusafisha skripti moja ya zamani ni kazi ambayo mradi huwapa wageni kwa hiari yake, wakiwemo wanaoomba kuingia kwa njia ya programu za mafunzo za Outreachy na Google Summer of Code, ili wajifunze kutuma viraka, kupokea maoni na kutuma toleo la pili. Kwa hiyo si sahihi kuvikataa kwa kuwa tu ni usafi. Na viwili kati ya vitano, paipu na `cd`, si mtindo tu: vinaziba mapengo. Kama ningekuwa napanga kipaumbele, hivyo ndivyo ningepigania. Cha tano kikiachwa, hakuna atakayeumia. Usimwache pia mgeni akiamini walioandika zamani walikuwa wazembe. Nyingi ya skripti hizo ziliandikwa 2005 na 2006, kabla ya funksheni hizi kuwepo.

Kuna mahali ambapo mimi na wewe tusiamue peke yetu. Kiraka kikigusa `test-lib.sh` au `test-lib-functions.sh`, kila skripti inaathirika, mwite mtu aliyezoea faili hizo. Mambo ya ruhusa za faili, viungo vya ishara na miisho ya mistari kwenye Windows yapimwe huko: mgeni akisukuma tawi lake kwenye nakala yake ya GitHub, majaribio yataendeshwa kwenye Linux, macOS na Windows. Na ukikuta mstari wa ajabu usioelewa kwa nini uliandikwa hivyo, `git log -S` itakupa komiti yake. Soma ujumbe wake. Ukibaki gizani, muulize aliyeuandika kama bado yupo, na mpaka hapo mstari ubaki. Kama wewe na mgeni mko mji mmoja, kaeni mezani saa moja mpitie kiraka cha kwanza pamoja, yeye akiwa kwenye kibodi. Kwa masuala ya nukuu na `eval`, mtu huelewa haraka akiona `-x` ikimchapishia kuliko akiandikiwa aya kumi.

Jibu lako kwake lianze na kinachofaa, ukitaja paipu ipi iliyoficha nini. Kisha mwombe toleo la pili: cha kwanza kigawanywe viwili, kila `test_path_is_missing` ielezwe, `cd` zenye `test_tick` zitazamwe upya. Aambatanishe `git range-diff`, nawe usome kilichobadilika tu. Neno `Reviewed-by` kwenye mradi huu lina uzito: linamaanisha umechambua kiraka na umeridhika kabisa. Cha pili na cha tano unaweza kulitoa mapema, ukishajibu maswali niliyotaja. Cha kwanza, cha tatu na cha nne, lisubiri mpaka uwe umevunja msimbo na kuyaona majaribio mapya yakifeli pale ya zamani yalipofeli.